Kujisengenya Kando ya Kidimbwi

Fungeni huo mlango, wanangu, na kabla sijafungua kinywa kila mmoja wenu aape. Apeni kwa kaburi la baba yenu kule kijijini Wamaza na kwa maziwa haya mliyonyonya, maana hata kama yamesinyaa kama mifuko ya mwizi aliyepekuliwa bado yana haki juu yenu, apeni kwamba neno nitakalosema leo halitavuka kizingiti hiki. Ape Musafiri, kwa kuwa ndiye aliyenifungua tumbo. Ape Sidonie, binti yangu. Ape na Rosine, mke wa Musafiri, ambaye hakunyonya kwangu lakini amekula sana. Ape na shemeji yangu Raphaël, ingawa viapo vyake navijua vilivyo vyepesi. Vizuri. Nimewasikia wote. Sasa fungueni mlango.

Ndiyo, fungueni, wala msinitazame hivyo, akili yangu haijaondoka, ni miguu tu iliyotangulia. Fungueni na dirisha, ili jirani yetu Mama Rachelle asiendelee kuumiza shingo pale ukutani. Karibu ndani, Mama Rachelle, vuta kigoda, na ukiyafikisha haya sokoni kabla jua la Kasongo halijazama nitakushukuru huko ninakokwenda. Hawa wameapa. Mimi sijaapa.

Siri yenyewe ni hii, na haina mapambo: Emilienne, mwenzangu wa kazi, si mulozi. Hakumroga Esther-Divine, hakumroga mtoto yeyote wa Wamaza, na moto ulioila nyumba yake uliwashwa kwa uongo uliopikwa na watu ninaowaona kutoka kitandani hapa bila hata kugeuza shingo. Nataka, kabla pumzi haijaniishia, jina la Emilienne lisafishwe mbele ya watu, yeye mwenyewe arudishwe kutoka machimbo ya Salamabila, na yule anayetoa mihogo majini kabla haijaiva aseme kwa kinywa chake kwamba ni yeye. Hilo ndilo ninalolidai. Mengine yote, mashamba na vinu na kuku, ni maneno ya njiani.

Esther-Divine, mjukuu wangu, sogea karibu, usiionee haya fimbo yako. Mtazameni, ninyi mliozoea kumtazama usoni tu ili msione miguu. Huyu mtoto wa Sidonie alikuwa akiruka kamba mpaka vumbi linaomba msamaha. Kiangazi kilichopita aliamka asubuhi, akataka kwenda kuchota maji, miguu ikakataa, ikakakamaa kama miti, na tangu siku hiyo anatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayenyatia kuku. Hakuwa na homa. Hakuanguka popote. Wala hakuwa peke yake, maana kila mtu wa Wamaza anajua nyumba nyingine ambamo fimbo za watoto zimeegemezwa ukutani. Muuguzi aliyekuja hapa kunisikiliza kifua nilimwonyesha huyu mtoto, naye hakuuliza habari za walozi hata kidogo, aliniuliza, "Bibi, kwenu munakula nini?" Nikamwambia, ugali wa mihogo michungu, ile tunayoiloweka sumu itoke. Akauliza mihogo yetu inakaa majini namna gani, na kiangazi inakaa namna gani, na ugali huo tunaula na nini siku ambazo hakuna samaki. Kisha akaniambia miguu ile hairudi. Niligeukia ukuta, wanangu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuelewa, na kuelewa kunalemea kuliko ugonjwa.

Niacheni nirudi nyuma kidogo, maana asiyerudi nyuma atajuaje alikoangusha ufunguo.

Kidimbwi kile cha Wamaza cha kulowekea mihogo, kilicho chini ya shamba letu, tulikianza mimi na Emilienne tukiwa bado na meno yote. Shule yangu mnaijua, ni ya kusoma sala na kushona tundu, lakini wamama wa unga walinichagua niwe prezidante wao kwa sababu moja tu, kwamba hapakuwa na mtu aliyejua habari za watu kunishinda. Nani kamkimbia nani, nani kajifungua mtoto mwenye masikio ya jirani, nani anajifanya mgonjwa siku ya kupalilia, yote yalipitia kwangu yakachujwa kama unga. Msicheke. Umbea ndio ulionifundisha kazi. Niliona kwamba kikapu cha mihogo kikiharibika kila mama anajua ni cha nani, na kila mama analisema hilo njiani, na nyumbani, na hata kanisani padri akiwa ameinua mikono, ila kuna mahali pamoja tu ambapo halisemi, nako ni kule kando ya maji, mbele ya mwenyewe, pale ambapo neno lingeponya.

Basi ikatokea siku mbuzi wakaingia kwenye mihogo tuliyoianika, wakala, wakalalia iliyobaki. Tulipokutana kila mtu akawa anatazama mawingu. Mmoja akasema mbuzi wale wana shetani. Mwingine akasema ni upepo uliofungua uzio. Mimi nikasimama, nikashika kiuno, nikatoa ile sauti yangu ya sokoni: "Wamama, mumesikia ya Marie-Thérèse? Yule prezidante wenu wa domo refu? Ati aliambiwa alinde uzio, yeye akaenda kusimama nyuma ya nyumba ya Raphaël kusikiliza namna anavyogombana na muke wake, mpaka mbuzi wakala wakashiba wakanawa mikono!" Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Emilienne, machozi ya kicheko yakiwa bado mashavuni, akasimama naye: "Na ya Emilienne mumeyasikia? Yule wa kujifanya mutakatifu? Kikapu chake kimekaa majini mpaka kimekuwa uji, na amekifichia majani juu, eti sisi hatuna pua!" Tukakitoa kile kikapu, tukakimwaga, tukaenda naye shambani kung'oa mihogo mingine. Jambo hilo tukaliita kujisengenya, na tangu hapo haukuopolewa muhogo kabla kila mama hajajisengenya kwa kinywa chake, na prezidante ndiye anayeanza.

Lishikeni hilo, ninyi mtakaoongoza watu, iwe kidimbwini, iwe dukani, iwe katika ofisi zenye feni. Mtu hulisema kosa lake pale tu alipomsikia mkubwa wake akilisema la kwake na mbingu zisianguke. Ukija asubuhi na fimbo mkononi ukauliza "Nani?", atakayekujibu ni jogoo. Ukimvunja mguu aliyekuletea habari mbaya, kesho habari mbaya itakuja yenyewe, tena itakuja usiku na haitabisha hodi. Wala msidhani tulikuwa tunabembelezana kule. Aliyejisengenya alisaidiwa na wote, lakini aliyenyamaza mpaka kikapu chake kikamsengenya, huyo alirudia kazi peke yake, sisi tumekaa kivulini tunavunja karanga na kumwimbia. Na ili kikapu kisikose mama, kila mmoja alichana ukanda wa kikwembe chake cha zamani akaufunga mpinioni mwa kikapu chake, hivi kwamba hata mgeni akipita angesema, huyu wa maua mekundu mihogo yake inalainika vizuri, huyu wa ndege wa samawati anapaswa kungoja. Kitu cha wote kisipokuwa na wa kuulizwa huwa ni cha panya. Kila mama aliminya muhogo wake kwa kidole gumba, na ukiwa bado mgumu moyoni unarudi majini, hata kama wanunuzi wamepiga honi mpaka betri za moto zao, zile pikipiki, zimekufa.

Kisha kifua changu kikaanza kuniziba, mkanileta hapa Kasongo, na kazi ikabaki kwa Musafiri.

Mwanangu Musafiri, usiinamishe kichwa, sijafika kwenye mabaya, hapa nakusifu. Una nguvu, una sauti, unaijua njia ya Salamabila hata matope yakifika magotini, na wewe ndiye uliyewafanya wale wafanyabiashara wa machimboni waujue unga wa Wamaza. Lakini ulipoketi kwenye kigoda changu uliona haya kwa mambo ya wamama. Ukasema hii ni kazi, si ngoma ya arusi. Ukakata vitambaa vyote vya vikapu ukavitupa, ukasema mihogo yote ni ya asosiasyo, hakuna cha maua mekundu wala ndege. Ukaweka sheria kwamba atakayekutwa na kosa anafukuzwa siku hiyohiyo, na wote wakakupigia makofi, nawe ukadhani makofi ni utii. Tangu siku hiyo hapakuwa na kosa tena Wamaza. Ajabu gani! Mahali watu wanafanya kazi na hapana anayekosea, kimbia, kwa sababu hapo chini pamezikwa kitu.

Kikaja kiangazi. Mnajua maji ya kidimbwi kile yanavyokuwa kiangazi, yanapungua, yanakuwa baridi usiku, na mihogo inakuwa mivivu kulainika, inataka kukaa majini zaidi kuliko wakati wa mvua. Na kiangazi hichohicho ndicho wachimbaji wanapojaa machimboni na matumbo yao yako wazi. Wanunuzi wakawa wanakuja juu ya moto, moja nyuma ya nyingine, wanapiga kelele. Mihogo ikaanza kutoka majini ikiwa migumu, ikaanikwa juani, ikatwangwa. Na angalieni shetani anavyojua kupamba: unga wa mihogo isiyoiva ni mweupe kuliko ule wetu, tena haunuki, na wanunuzi wakausifu, wakasema huu sasa ndio unga wa kisasa. Wamama wote wakaona. Wote wakanyamaza, kwa maana nani anataka kufukuzwa?

Emilienne hakunyamaza. Habari hii nimeiletewa na watu wa moto, hao wapanda pikipiki, na mnajua mtu wa moto ukimpa chai na ndizi moja anakumwagia barabara nzima. Wanasema Emilienne aliokota kipande, akakitafuna, akakitema mbele ya wote, akasema, "Musafiri mwanangu, mihogo hii iko bado na ukali. Unga huu utauma watoto." Nawe ukamjibu, "Mama Emilienne, uzee umekuingia mukono, sasa unaingia na mudomo? Kama kazi imekushinda, nenda ukalee kuku." Watu wakacheka, wale wale niliowafundisha kucheka vizuri. Ukamfukuza kabla kikapu kilichofuata hakijatoka majini. Mwanamke aliyekubeba mgongoni nilipokuwa na homa, ukamfukuza kwa sababu aliminya muhogo.

Watoto walipoanza kukakamaa miguu ndipo likaja lile la kuniua. Raphaël, shemeji, nyanyua uso, ni zamu yako. Wewe na mimi tuna ugomvi wa zamani, uliuchukua mlango wa nyumba ya marehemu ndugu yako kabla udongo wa kaburi lake haujakauka, ukautia kwenye nyumba yako, na kila ninapopita naubishia hodi moyoni. Huo mlango nakuachia, kaa nao, uje ufungiwe nyuma yake. Lakini hili sikuachii. Mbele ya baraza la watu wazima ulisimama, ukasema, "Alisema unga utauma watoto, na unga umeuma watoto. Munataka ushahidi gani mwingine?" Lo! Mtu akikuambia shimo lile pale mbele yako nawe ukatumbukia, basi yeye ndiye aliyelichimba? Onyo lake ukaligeuza kuwa uchawi wake, na watu wakalipokea haraka sana, kwa sababu kila mama pale alikuwa na mihogo migumu kwenye dhamiri yake, na mulozi mmoja ni mwepesi kubeba kuliko aibu ya kila mtu. Wakaichoma nyumba. Yeye akatoka na sufuria moja na kikwembe cha mwilini, akatembea kwa miguu mpaka Salamabila, na kule, kwa kuwa sifa mbaya hupanda moto na kufika kwanza, hakuna mchimbaji anayekubali kula kutoka mkononi mwake, basi anaponda mawe ya watu juani, yeye na mgongo wake ule. Aliye kando haangukiwi na mti, walisema wahenga, ila Emilienne alisimama kando na mti ukamfuata.

Na Musafiri, mkubwa wa kazi, wewe uliyejua onyo lile lilitoka wapi, ulikuwa wapi wakati nyasi za paa zinawaka? Watu wa moto wanasema ulikuwa unafunga magunia.

Rosine, mwache mume wako anywe maji, usimfinye, nimekuona.

Sidonie, mwanangu, najua unalia. Lia tu. Nawe pia uliamini. Uliambiwa mtoto wako amekatwa miguu na rafiki wa mama yako, ukaamini, kwa sababu mtu mwenye uchungu hukamata tawi lolote hata lenye miiba. Sikulaumu. Miguu ile hairudi, na hata Emilienne akirudi na kuombwa msamaha na nchi nzima ya Kabambare, huyu mtoto atakwenda kanisani siku ya arusi yake kwa ncha za vidole. Hilo mimi siwezi kulitengeneza. Hakuna baraka ya kutengeneza hilo. Nimeitafuta usiku na mchana katika kichwa hiki chote na sikuiona.

Nipeni maji kidogo. Siyo mengi hivyo, Mama Rachelle, sijawa shamba la mpunga.

Sasa mali. Shamba la juu, lenye mihogo na karanga, ni la Sidonie, na baada yake ni la Esther-Divine, kwa maana asiyeweza kutembea mbali apewe ardhi iliyo karibu. Nyumba hii ya Kasongo mkae wote, asifukuzwe mtu humu hata kama mtagombana, na mtagombana. Vinu na michi vibaki kwa wamama wa kazi. Kuku wangu ni wa Mama Rachelle, ni malipo ya kunitunzia habari za mtaa mzima siku nilizoshindwa kutoka nje, na yule mweupe anataga chini ya kitanda cha watu, mumruhusu. Vikwembe vyangu vya sandukuni msivigawe. Vichaneni kanda kanda, vifungwe kwenye vikapu, kila mama achague rangi yake, nami nitajua nimezikwa mahali pazuri.

Na kidimbwi. Hapa ndipo mlipongoja, naona masikio yamesimama. Kidimbwi na uongozi wake simwachii mwerevu kuliko wengine, wala mwenye sauti. Namwachia yule atakayeweza kusimama mbele ya wenzake na kusema, "Mumesikia yangu?", kabla wao hawajasikia kwa jirani. Nilitaka awe Musafiri. Mungu anajua nilitaka. Mara ya kwanza alipokuja kuniona hapa nilimwita karibu, nikamwambia kwa sauti ya chini, mwanangu, wale wa Salamabila wanaula unga gani? Akasema, "Mama, unga iko sawa, siku hizi mihogo inakaa majini mpaka mwisho. Hata mimi nakula nyumbani, na watoto wangu." Nikasema, amina. Kuna kipofu wa macho na kuna kipofu wa kutaka, na mama huwa vyote viwili kwa mtoto wake wa kwanza. Lakini sikulala.

Jana amekuja tena, na Rosine, na kale katoto kao ka mwisho, Faida, kakiwa kamekaa mbele juu ya tangi la moto, na nyuma wamefunga gunia la unga la kuuza hapa Kasongo. Gunia lile pale nyuma ya mlango. Zuri. Jeupe. Halinuki.

Sidonie, leta chakula.

Msishangae. Baraka haishiki kwenye tumbo tupu, na sitaki kusikia mkisema kwamba Marie-Thérèse aliwakusanya watu akawashibisha maneno. Nimemwambia Sidonie asipike wali leo, apike ugali kwa ule unga wa kaka yake, tuonje wote kazi ya mikono yake, na kuna samaki wa Lualaba na sombe ya majani ya mihogo yenye mawese. Weka hapo katikati, mwanangu. Naweni mikono. Raphaël, wewe ni mkubwa, mega kwanza. Naam. Tafuna bila wasiwasi, unga umeuleta mtoto wa nyumbani. Mama Rachelle, mega, ndiyo, hata mgeni. Esther-Divine, chukua samaki huyo, mkubwa huyo, usiogope miiba.

Nami nitawabariki mkiwa mnakula, kwa sababu naona pumzi inakuja kwa vipande, na kipande kikikosekana hatutajua. Mungu wa baba zenu awape... awape kazi ambayo mtaweza kuitazama jioni. Awape mikono inayojulikana ni ya nani. Mkikosa, awape ulimi wa kulisema mapema, na masikio ya kulisikia la mwenzenu bila fimbo. Mwende Salamabila, msitume mtu, mwende wenyewe, mumwambie Emilienne kwamba mimi... kwamba Marie-Thérèse amesema nyumba yake ijengwe kwanza, kabla ya msalaba wangu. Na mlango wake uwe mpya. Na mbele ya baraza lilelile, si pembeni, si kwa kunong'ona, mbele ya...

Rosine, mbona unanawa tangu niliposema naweni? Mikono haijatakata?

Musafiri, hutaki kula? Umeshiba. Umekula wapi, mwanangu? Tangu kumekucha hujavuka kizingiti hiki, na Faida mwenyewe amenilalamikia njaa asubuhi hii. Sawa. Aliyeshiba asilazimishwe. Raphaël amekula. Jirani amekula. Esther-Divine amemega mara ya kwanza, amemega mara ya pili, mbele ya macho yako, nawe umeutazama mkeka. Basi, kila mtu na... kila mtu na tumbo lake. Nawabariki. Walio hapa, na wale wa Wamaza, na watoto wote ambao fimbo zao ziko... Faida, njoo, mjukuu wangu mdogo, njoo umege nawe, pitia hapo kwa baba yako, ndiyo, tonge dogo, chovya kwenye mawese...

Ah.

Musafiri.

Mbona umemshika mtoto mkono?

Nyamazeni wote. Mwacheni Faida alie, mwacheni tu. Mtazameni kaka yenu. Ameruka kama aliyeona nyoka, amempokonya mtoto tonge kinywani, sahani imemwagika, hata samaki yuko chini. Musafiri, sauti hiyo uliyoitoa, "Usile, Faida, usile!", kule Wamaza hakuna aliyeisikia. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, mwanangu. Leo umefika nyumbani.

Usiniangalie hivyo, sijamuua mtu. Raphaël, acha kujitapisha, mzee mzima. Unga huo Sidonie ameununua asubuhi kwa mama mmoja wa hapa sokoni, mama ninayemjua, mihogo yake inakaa majini mpaka inaomba kutoka. Gunia lako liko palepale nyuma ya mlango, Musafiri, kamba yake umeifunga mwenyewe na hakuna aliyeigusa. Mlishe mtoto. Unga ni mzuri.

Lakini wewe hukujua.

Rosine, usimfiche kwa kikwembe chako. Sogea. Mama Rachelle, sogea nawe, wale walio mlangoni waone. Ndiyo, nimewaona, mmejaa mpaka barazani, karibuni, hapa hapana siri tena. Sidonie, niinue kidogo... mto... hivyo. Nakubariki nawe, Musafiri, nakubariki hivyohivyo ulivyo, sina mwana mwingine wa kwanza. Ila usiuweke nyuma huo mkono. Ulete mbele. Usilitupe hilo tonge, usilifinye. Ulete hapa... kwenye mwanga. Waache... waache wauone.